Kadi ya Mtoto wa Afande

Nyumbani kwetu Kisiba kuna watoto wawili na kadi moja ya matibabu. Kadi ni ya mpwa wangu, mtoto wa mdogo wangu wa kike, ambaye ni mwanajeshi. Mtoto wa pili ni binti yangu. Yeye hana kadi. Ana mimi.

Nianze na wivu, maana ndio uliotangulia. Mdogo wangu na mimi tulikwenda pamoja Tukuyu mjini siku ya usaili wa vijana wa kwenda jeshini. Wote tulikuwa na kidato cha nne, mimi changu kikiwa kimeshaanza kuchakaa. Nilikwenda kama msailiwa, ingawa mama hadi leo anasimulia kwamba nilikwenda kumbebea mwenzangu chupa ya maji. Tukaambiwa tuzunguke uwanja mbio. Mzunguko wa pili kamba ya kiatu ikalegea, nikakaa chini kuifunga, na nilipokuwa nimekaa nikagundua kwamba kukaa kunanifaa kuliko jambo lolote nililowahi kujaribu. Nilipoinua macho mdogo wangu alikuwa ananipita kwa mara nyingine, na hakunitazama. Yeye akaenda jeshini. Mimi nikarudi nyumbani na chupa.

Sijatoka tena. Nina migomba, nina chai kidogo, nina ng'ombe mmoja tunayefanana tabia, na nina chumba kinachovuja upande wa kitanda. Sina malalamiko, isipokuwa mdogo wangu anapokuja likizo. Hapo watu ambao mimi hunisalimia kwa kidevu wanakimbilia kumpokea begi. "Afande kafika." Mama, ambaye hajawahi kunipisha kwenye kiti chenye mikono, anakifuta kwa kanga yake mwenyewe. Na mimi ndiye ninayetumwa kuchinja kuku niliyemfuga.

Mdogo wangu hajaolewa. Jeshini hata ndoa inaombewa kibali, na kwa upande wake hajaonekana mtu wa kuombewa hicho kibali. Mama alimuuliza habari za baba wa mtoto, akajibu, "Alihamishwa." Kwa jinsi alivyolitamka neno hilo, ungedhani jamaa kahamishwa kutoka duniani. Hatukuuliza tena.

Askari wasio na ndoa, huko aliko, wanalala chumba cha pamoja, na mtoto haruhusiwi humo. Matibabu ya mtoto, hata hivyo, wanayakubali, baba awe anaonekana asiwe anaonekana. Mtoto ni wa mama, mama ni wa jeshi, basi. Ndiyo maana mpwa wangu alipoachishwa ziwa aliletwa kwetu na vitu vitatu: shuka, beseni, na ile kadi.

Mimi na mama wa binti yangu hatukufunga ndoa pia. Alikwenda kuolewa Kyela na mwanaume mwenye trekta la kulimia mpunga, na sikumlaumu, maana trekta nimeliona. Kwa hiyo ukitazama vizuri, mimi na mdogo wangu tuko sawasawa, wazazi wawili tusio na ndoa, kila mmoja na mtoto wake. Tofauti ni mwajiri tu. Yeye kaajiriwa na taifa, mimi na migomba, na migomba haina kitengo cha ustawi wa familia.

Hayo yalinichoma zaidi msimu wa mvua. Ukungu ukishuka kutoka mlimani huwa unakaa uani kwetu kama mgeni asiyejua kuaga, na mpwa wangu ana pumu. Kifua kikimbana anapumua kwa mlio, kama mlango wa banda. Safari moja ilimbana, na binti yangu, ili asipitwe na jambo, naye akaanza kukohoa. Nikawachukua wote hadi hospitali, Makandana.

Mpwa wangu alipelekwa kwenye dirisha la wenye kadi, akahudumiwa, akarudi na dawa yake ya kuvuta, kile kipampu cha buluu. Akakaa kwenye benchi, miguu haifiki sakafuni, akawa anatutazama sisi tuliokuwa bado tumepanga foleni ya wanaolipa mkononi.

"Baba," binti yangu akaniuliza, kwa ile sauti yake inayofika hadi nyuma ya foleni, "kwa nini yeye haulizwi hela?"

"Kwa sababu mama yake anashika bunduki."

"Na wewe unashika nini?"

"Panga."

"Panga si silaha?"

"Ni silaha ya migomba. Nyamaza, tunasogea."

Mwanamke mmoja mbele yetu akageuka, akanitazama mikono. Mimi nikamtazama yule mtoto wa miaka sita pale kwenye benchi, nikamwonea wivu. Nimeshawaonea wivu watu wengi, wenye pikipiki, wenye bati jipya, wenye wake. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kumwonea wivu mtu ambaye asubuhi ile nilikuwa nimemfuta kamasi.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanipooza moyo. Yule mtoto aliniita baba.

Hakufundishwa. Alikulia kwenye mkeka mmoja na binti yangu, wakila sahani moja, na kwetu watoto wa mkeka mmoja huita watu majina mamoja. Binti yangu aliniita baba, naye akaniita baba. Binti yangu alimwita mdogo wangu shangazi, kama ipasavyo. Basi naye akamwita shangazi, mama yake mzazi. Mwanzoni tulicheka. Baadaye ikawa ndiyo lugha ya nyumba, na mtu harekebishi lugha ya nyumba yake.

Mdogo wangu akija likizo, mtoto alikuwa anajificha nyuma ya goti langu na kutangaza, "Shangazi kaja na biskuti." Mwenzangu alitabasamu, lile tabasamu la mtu aliyebanwa na kiatu katikati ya gwaride. Nami, kule juu ya goti, nilikuwa najiona mkubwa. Yeye ana buti, ana kofia, anafutiwa kiti. Mimi nina neno moja, na kila siku naitwa kwalo, hata wakati wa kufunga zipu.

Sasa mwaka huu mdogo wangu akapiga simu. "Kaka, kuna uhakiki wa wategemezi. Atapita mtu wa ustawi kuwaona watoto wanaolelewa vijijini. Inasemekana wapo askari walioandikisha watoto wa kaka zao kama wa kwao."

"Watu wabaya hao," nikasema.

"Sana. Wewe muogeshe tu mtoto."

Nikamuogesha.

Aliyekuja alikuwa mama wa makamo, hakuvaa sare, bali koti la mvua na raba zilizojaa tope, maana bodaboda ilikuwa imekwama kabla ya kwetu akamalizia kwa miguu. Mama yangu akamlaki, "Kalibu, kalibu mwanangu, umelowa," na kwetu mgeni haulizi neno kabla hajala, kwa hiyo akawekewa mbalaga, ndizi zetu za kupika zilizochanganywa na maharage. Akala vizuri. Nilimpenda. Mpwa wangu alikuwa amekaa mapajani mwangu, namtolea miiba ya dagaa ambayo kila mtu anajua huwa haitolewi.

"Kijana," yule mama akamwambia, akitabasamu, "huyu uliyemkalia ni nani?"

"Baba."

"Vizuri. Na mama yuko wapi?"

Mtoto akafikiri. Ni mtoto anayependa kujibu sahihi. "Mama sina. Nina shangazi. Ni mwanajeshi, ana buti."

Yule mama akaweka kijiko chini polepole.

Mimi nikaendelea kutoa miiba ya dagaa. Mama yangu akaona anisaidie. "Mwe, mwanangu, usimsikilize mtoto. Huyu ni wa nyumba hii. Wote wawili hawa, baba yao ndiyo huyu hapa." Kwa hesabu ya mama alikuwa hajakosea hata kidogo. Anayekupikia, anayekubeba, ndiye huyo. Kwa hesabu ya mgeni wetu, mama alikuwa amemaliza kesi.

Aliyetuokoa ni binti yangu, na alituokoa kwa wivu mtupu. "Siyo baba yake," akasema kutoka mlangoni. "Baba yangu mimi. Huyu ni wa kuja."

"Wa kuja kutoka wapi?"

"Kwa shangazi. Aliletwa na beseni. Mpaka leo tunaogea."

Mgeni akatutazama mmoja mmoja, kama mtu anayejaribu funguo. "Bibi," akamwambia mama, kwa heshima zote, "chakula chako kitamu. Lakini jeshi halina mtoto wa nyumba. Lina mtoto wa mtu." Kisha akanigeukia mimi. Alisema karatasi ziko sawa, ila karatasi za kila mtu huwa ziko sawa. Kadi ingesimama kwanza. Yeye alikuwa na familia nyingine za kutembelea, angekuwa Tukuyu hadi Ijumaa. Mama wa mtoto akipata ruhusa, tufike wote. "Na nitamuuliza mtoto," akasema. "Ninyi wakubwa mnajua kujibu."

Alipoondoka nilichukua kile kipampu cha buluu nikakitikisa sikioni. Kilinijibu kwa sauti ya kitu kinachokaribia kwisha. Nje mvua ilikuwa ndiyo kwanza inakaza.

Kesho yake nilimchukua mpwa wangu shambani, nikiwa nakata majani ya migomba ya ng'ombe.

"Njoo hapa. Mimi ni nani wako?"

"Baba."

"Hapana. Mimi ni mjomba."

Akacheka. Alidhani ni mchezo. Nikamweleza, huku nakata, ili nisimtazame sana. Kwamba yule anayemwita shangazi ndiye mama yake. Kwamba ndiye aliyemzaa.

"Tumboni?"

"Tumboni."

"Mimi nilikuwa ndani ya gwanda?"

"Ndani kabisa."

Hilo alilipenda. Akalitembeza kichwani kwa muda, akatembea kidogo mguu juu, mguu chini. Kisha akarudi. "Sasa baba yangu nani?"

"Alihamishwa," nikasema. Neno lilinitoka lenyewe. Miaka yote namcheka mdogo wangu kwa jibu hilo, na kumbe hakuna jingine.

"Na wewe utahamishwa?"

"Mimi? Mimi hata kwenda mjini natafutiwa sababu."

"Basi kwa nini nisikuite baba?"

"Kwa ajili ya dawa yako."

Akakitoa kipampu mfukoni mwa kaptula, akakitazama, akakirudisha. Alielewa haraka. Haraka kuliko nilivyopenda. "Mjomba," akasema, taratibu, kama mtu anayeonja chumvi.

Tulifanya mazoezi hadi jioni, tukikamua, tukichota maji, tukimenya ndizi. Kila alipokosea nilifurahi, na kila alipopatia nikampongeza. Mwalimu wa hivyo nisingempa mwanangu. Binti yangu alikuwa anapita nyuma yetu na ndoo, anasahihisha bila kuombwa. "Kakosea tena. Kasema ba."

Mdogo wangu alifika Alhamisi, akiwa na uchovu wa basi na gwanda ndani ya begi. Mtoto akasimama mbele yake, mikono ubavuni, akasema, "Shikamoo mama." Akatazama kwangu kuona kama kapatia. Mdogo wangu aliinama. Alijifanya anatafuta kitu kwenye begi, na alikitafuta kwa muda mrefu.

Baadaye alinifuata jikoni. Mama alikuwa amekwenda kuwafungia kuku.

"Miaka yote hii ulikuwa unamfundisha aniite shangazi."

"Sikumfundisha. Sikumkataza tu."

"Tofauti yake nini?"

"Kumfundisha ni kazi, afande. Unanijua mimi na kazi."

Alicheka kidogo, halafu akaacha. Akachukua kisu akaanza kumenya ndizi upande wangu wa sufuria, kwa kasi ya kijeshi, akinipita kama siku ile uwanjani. "Unajua nikiwa lindo nafikiria nini? Kwamba sasa hivi kaka anamkata kucha. Sifikirii mengine makubwa. Kucha tu. Nakuonea wivu."

Nilishangaa. Sikujua wivu unaweza kutoka upande ule wa kiti chenye mikono. "Mimi nawaza watu wanakupigia saluti," nikamwambia.

"Nani anipigie? Mimi ndiye ninayewapigia. Kutwa. Mkono unauma."

"Anakatwa kucha kwa shida," nikasema. "Kidole gumba cha kushoto anakificha. Lazima umwambie hadithi."

"Hadithi gani?"

Sikumwambia. Nilimwambia maharage yanaungua, na yalikuwa hayaungui. Lakini kabla ya kulala nilimwita, nikamwambia ni ile ya sungura aliyekwenda kuosha ngozi ziwani akaisahau, na kwamba asiifupishe, mtoto anajua.

Ijumaa tulikwenda mjini. Yule mama alikuwa ameazima chumba kata ya Bagamoyo, Bagamoyo yetu hii ya Tukuyu, nyuma ya mafundi cherehani. Tulikaa kwenye benchi, mdogo wangu kanyooka ndani ya gwanda kama aliyechongwa, mimi nimevaa shati langu la kanisani, mtoto katikati. Mashine za mafundi zilikuwa zinalia upande wa pili wa ukuta.

"Haya kijana. Huyu nani?"

"Mama. Nilikaa ndani ya gwanda lake."

"Na huyu?"

"Mjomba."

Hakutikisika. Hakunitazama hata kuniomba msaada. Nilitaka anitazame.

"Nani anakupa dawa kifua kikibana?"

"Mjomba."

"Nani anakukata kucha?"

Akanyanyua mkono wa kushoto, gumba juu. "Mama. Jana. Alikosea hadithi."

Yule mama akatabasamu, akanigeukia. Sikutegemea. Alishasema atamuuliza mtoto. "Na wewe, kaka, kwa rekodi tu. Wewe ni nani kwa mtoto huyu?"

Siku nzima nilimfundisha mtoto. Mwenyewe sikuwa nimejifundisha. "Mimi ni baba yake," nikasema, wazi kabisa, kama nilivyozoea kusema shuleni, zahanati, kanisani. Cherehani zikawa kama zimesimama. Mdogo wangu alifumba macho. Mtoto alinivuta mkono wa shati, akaninong'oneza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Mjomba. Sema mjomba."

"Mjomba," nikasema. "Mjomba wake. Samahani."

Nilihesabu kila kitu kimekwisha. Dawa, kadi, na mdogo wangu labda na kesi juu. Yule mama akaweka kalamu mezani, akajisugua macho.

"Nimekaa na mababa wa kweli waliokuja kuficha watoto wao kwenye kadi za dada zao," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyekosea. Wanamkana mtoto vizuri, kwa moyo mmoja, mpaka unaona aibu. Wewe mtoto si wako na kumkana umeshindwa." Akaichukua kalamu. "Mtoto kafaulu. Wewe ndiye wa kurudia darasa. Kadi itaendelea."

Tulitoka. Mdogo wangu alinipiga ngumi ya begani, ile ya jeshini, bega likaniuma hadi Jumatatu. Tukapitia Makandana, mtoto akapewa kipampu kipya kwenye dirisha lake, na akakishika mkononi njia nzima, hakukitia mfukoni.

Mdogo wangu alirudi kazini Jumamosi. Alimnyanyua mwanawe, akaitwa mama mara nyingi, mara nyingine bila sababu, kwa kuwa mtoto alikuwa ameshajua linafurahisha. Mimi nilibeba begi. Nilikuwa na wivu mpya, wenye nembo na vifungo, na huu sikuwa na neno la kuupooza.

Nilidhani basi likishaondoka nyumba itarudi kwenye lugha yake. Haikurudi. "Mjomba, njaa." "Mjomba, viatu." Binti yangu alimsikiliza siku nzima, kisha jioni akaja kusimama mbele yangu. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwishapiga hesabu zake.

"Na mimi nikikuita mjomba, nitapata kadi?"

"Hapana."

"Umeuliza?"

"Sijauliza."

"Basi uliza, mjomba."

Mama yangu alicheka hadi akakaa chini. Tangu siku hiyo naishi na watoto wawili, wote wanaita mjomba, mmoja kwa utii na mmoja kwa kunikomoa.

Wiki iliyofuata ukungu ulishuka tena, na mpwa wangu kifua kikambana alfajiri. Nilimkalisha, nikamshikia kipampu, akavuta. Nilijua, pumzi ikiwa ndogo hivyo, mtu hakumbuki masomo, atasema lile la zamani. Akanishika shati. "Mjomba," akasema, katikati ya mlio. "Usiondoke, mjomba."

Kifua kilipotulia nilimwambia kwamba hapa nyumbani, ndani, anaweza kuniita anavyotaka.

Akatazama mlangoni. "Wakirudi je?"

"Hawarudi."

"Yule mama alikuuliza na wewe, ukakosea."

Nikamfunika shuka. Akafikiri, kipampu kimelala tumboni mwake, vidole vinakichezea. Gumba la kushoto lilikuwa limekatwa kombo, kazi ya mama yake.

"Nitakuita baba Jumapili," akasema. "Jumapili ofisi zimefungwa."

Tukakubaliana hivyo. Na mimi, ambaye kwenda kanisani huwa navutwa kwa mkono, Jumapili sasa naamka wa kwanza. Nakaa pale jikoni na chai yangu, nasubiri waamke.